Kocha wa gym kasema metformini inakula misuli, mzee kaacha vidonge. Wajuzi njooni

#1 Mwana wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu ana miaka 67, mstaafu, naishi naye hapa Nkuhungu, Dodoma. Sukari aligundulika nayo huu mwaka wa tatu. Anameza metformini za miligramu 500, mbili asubuhi na mbili usiku, baada ya chakula. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa inacheza kwenye 11 na 12, siku hizi inasoma 6 na pointi. Kwa hiyo dawa yenyewe hatukuwa na ugomvi nayo.

Shida imeanza alipojiunga na gym moja ya jirani, miezi minne sasa. Amekomaa kweli, siku nne kwa wiki hakosi. Lakini wenzake wanajaa, yeye anapungua. Suruali zinamvuka. Ana mkanda wa ngozi alioununua Sabasaba, ulikuwa na matundu matano. Wiki iliyopita nimemkuta uani kapasha msumari kwenye jiko la mkaa, anatoboa tundu la sita. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe kocha wao kamwambia, "Mzee, hiyo metformini ndiyo inakula misuli yako, inazima kiwanda." Leo siku ya tano hajameza.

Ni kweli dawa ya sukari inaweza kuzuia misuli isijae? Inafanyaje huko ndani? Nataka hoja ya kwenda nayo mezani, maana nikimwambia "daktari kasema" ananijibu daktari hanyanyui vyuma.

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi siti yangu. Dereva, ondoa gari.

#3 Kibaigwa Mzigo Mzito
Swali moja tu. Huyo kocha anauza makopo ya unga wa protini pale gym?

#4 Mwana wa Nkuhungu
Anauza mkuu. Yamepangwa dirishani.

#5 Kibaigwa Mzigo Mzito
Basi sina la kuongeza.

#6 Sista wa Zamu
Mwana wa Nkuhungu, pole kwa mzee. Kabla ya yote: mpime sukari kesho asubuhi kabla hajaweka kitu mdomoni, uandike. Usimgombeze, mwonyeshe namba.

Halafu niulize na mimi. Anakula nini? Metformini huwa inapunguza hamu ya kula kwa baadhi ya watu, na wengine inawapa gesi na kuharisha, hasa mwanzoni. Mtu akipungua kilo mbili tatu kwa dawa hii siyo ajabu. Ukiongeza gym siku nne kwa wiki juu ya chakula kilekile, au pungufu, unategemea nini?

La pili, ambalo kocha hajalisema: sukari isiyodhibitiwa nayo inakula misuli. Insulini kazi yake siyo sukari tu, ndiyo pia inayozuia msuli usibomolewe. Isiposikilizwa, mwili unaanza kuvunja nyama yake wenyewe. Wale wagonjwa wanaofika wodini wamekauka mapaja wengi wao ni waliochelewa dawa, au walioacha dawa. Kama yeye leo.

#7 Chuma Ulete
Msimdharau kocha. Mimi nafundisha watu Area D na unga siuzi. Alichosema kina utafiti nyuma yake, tatizo kakisema kwa mkato.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani. Walichukua wazee wa miaka 65 kwenda juu, yaani rika la huyu mzee kabisa, wakawapigisha vyuma wiki 14. Nusu walimeza metformini, miligramu 1,700 kwa siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, na wenyewe hawakujua nani kapewa nini. Mwisho wa siku misuli ya mapaja ya waliomeza kidonge kitupu iliongezeka zaidi. Mwaka huohuo ukatoka mwingine wa mazoezi ya pumzi (aerobiki), wiki 12, matokeo yakaenda upande huohuo: waliokuwa kwenye metformini mitokondria za misuli yao, yaani jenereta za seli, hazikuboreka kama za wenzao.

Kwa hiyo kocha hakuota.

#8 Nguchiro
Kocha anasoma tafiti! Dodoma imekuwa jiji kweli.

#9 Maabara ya Mwisho
Nipo chuo hapa UDOM, nasoma mambo ya seli. Wanaojua zaidi watanirekebisha. Ngoja nijaribu kwa lugha ya nyumbani.

Seli ya msuli inaendeshwa na nishati inayoitwa ATP. Tuzichukulie kama yuniti za umeme wa LUKU. Ukinyanyua chuma yuniti zinateketea, na mabaki yake, AMP, yanajazana. Ndani ya seli kuna protini inaitwa AMPK, kazi yake kunusa hali hiyo. Yuniti zikishuka inaanza kulia, kama LUKU inavyolia usiku mmeshalala. Mama mwenye nyumba akiisikia anafanya mambo mawili: anazima pasi na friji, na anamwamsha mtoto akanunue umeme. AMPK nayo ni hivyohivyo. Inazima shughuli zinazokula nishati, kama kutengeneza mafuta na kutengeneza protini mpya. Upande wa pili inafungulia kuni ziingie: mafuta yaunguzwe, glukosi, yaani sukari, ivutwe kutoka kwenye damu.

Glukosi inaingia kwenye msuli kupitia milango inayoitwa GLUT4. Msuli ukipumzika milango mingi imelazwa ndani, kama fremu kwenye stoo ya seremala. Insulini ikibisha hodi, amri inapita mkono kwa mkono, kutoka kwenye kipokezi kwenda protini PI3K, kwenda nyingine Akt, hadi milango inabebwa na kupachikwa kwenye utando wa seli. Kwa mwenye kisukari aina ya 2 amri hiyo inapotelea njiani. Mazoezi yana njia ya uani, hayapiti kwa insulini. Ndiyo maana mzee akitembea kutoka Nkuhungu mpaka mjini sukari inashuka hata kama insulini yake haisikilizwi vizuri. AMPK ni mmoja wa walinzi wa hiyo njia ya uani.

Sasa metformini. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Uingereza, yalionyesha kwamba inabana kituo cha kwanza cha mnyororo wa mitokondria, yaani jenereta ya seli. Haiizimi, inaibana. Yuniti zinapungua kidogo. Mwaka 2001 ikaonekana dawa hii inaiamsha AMPK. Yaani msuli unahisi uko kazini wakati mwenyewe kajilaza kwenye kochi.

Hapo ndipo hoja ya kocha inapopata miguu. Kinachojenga msuli baada ya vyuma ni mtambo mwingine, mTOR. AMPK ikilia, mTOR inapunguzwa moto. Pasi imezimwa, shati litanyookaje?

#10 Mzee wa Makole
Mjukuu hapo kwenye LUKU nimekuelewa mpaka nikaenda kuangalia yangu. Zimebaki 3.

#11 Kaunta ya Kondoa
Mbukwenyi. Nipo kwenye duka la dawa, kazi hii naifanya miaka mingi.

Maabara ya Mwisho, umefundisha vizuri ila umeuza picha ya zamani kwa bei ya mpya. Mambo matatu.

Kwanza, nyingi ya tafiti hizo zilifanywa kwa seli za kwenye vyombo vya maabara, zikamwagiwa metformini nyingi mno, mara 100 na zaidi ya kiasi kinachofika kwenye damu ya mgonjwa. Ukimmwagia mtu ndoo ya chumvi lazima atakunja uso, haina maana chumvi ya kwenye mchuzi nayo inafanya hivyo.

Pili, kazi kubwa ya metformini inafanyika kwenye ini. Ini ndilo linalotengeneza sukari usiku umelala, na metformini inalibana litoe kidogo. Dawa inaingia kwenye ini kwa sababu ini lina mlango wake maalumu wa kuipitisha, OCT1. Msuli hauna mlango huo kwa wingi, kwa hiyo unapata makombo.

Tatu, mwaka 2010 watafiti walitengeneza panya ambao ini lao halina AMPK kabisa. Wakawapa metformini. Sukari ikashuka vilevile! LUKU imeng'olewa ukutani na bado kuna mtu anazima pasi. Nani?

#12 Kibaigwa Mzigo Mzito
Jini.

#13 Maabara ya Mwisho
Kaunta ya Kondoa, hapo kwenye kiasi cha dawa nimekubali. Ila ini siyo msuli. Mwaka 2002 walichukua wagonjwa wenyewe wa kisukari, siyo panya na siyo vyombo, wakawapa metformini kwa wiki 10 wakakata vipande vidogo vya msuli wa paja. AMPK ilikuwa imepanda, na akiba ya nishati kwenye msuli ilikuwa imeshuka. Makombo au siyo makombo, kuna kitu kilifika.

#14 Kaunta ya Kondoa
Kilifika, au ni matokeo ya sukari kushuka mwilini kote? Ukimpunguzia mtu sukari kwenye damu, msuli nao utabadilika hata kama dawa haijaugusa. Hilo vipande vya nyama peke yake haviwezi kukwambia.

#15 Maabara ya Mwisho
Nalifikiria. Nitarudi.

#16 Mama Zabibu
Mimi siyo msomi wa seli, nina sukari mwaka wa tisa na metformini ni ile ile. Nina shamba la zabibu Hombolo. Nyie zabibu mnaziona sokoni tu. Mimi navuna mara mbili kwa mwaka, napogoa mwenyewe, nabeba kreti mwenyewe, na kwa mikono kijana wa gym hanishindi.

Ila kuna kitu kilinipata. Mwaka wa sita nikaanza kuchoka miguu, ganzi kwenye nyayo, nikipanda ngazi napumzika katikati. Nikasema ndiyo uzee umeingia, au misuli imeisha. Nilikwenda kituo kimoja, sikitaji, nikaambiwa "ni sukari hiyo mama, vumilia". Nikavumilia mwaka mzima. Alikuja kunishtua binti wa dada yangu, mwuguzi, akasema mama mdogo dawa hii ukiitumia muda mrefu inaweza kukushushia vitamini B12. Kupima, kweli ipo chini. Nilichomwa sindano, nguvu zikarudi polepole, ganzi haijaisha yote lakini ngazi napanda.

Mwana wa Nkuhungu, muulize mzee kama nyayo zake zina ganzi. Wanaume hawasemi mpaka waulizwe.

#17 Sista wa Zamu
Mama Zabibu shikamoo, umenena. Na ganzi inaweza kuletwa na sukari yenyewe pia, ndiyo maana watu wanapitwa. Dawa moja, dalili moja, wasababishaji wawili.

#18 Nguchiro
Mimi nina swali la kijinga. Hii dawa ndiyo ya kwanza wagonjwa wengi wa sukari wanapewa, na bado mnabishana inafanya kazi wapi? Wamarekani waliitengeneza bila kujua wanatengeneza nini?

#19 Kaunta ya Kondoa
Siyo Wamarekani. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1922, ikakaa kabatini. Daktari mmoja Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyeripoti mwaka 1957 kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari, na jina aliloipa ni Glucophage, maana yake mla sukari. Wamarekani wamekuja kuiruhusu kwao mwisho wa 1994. Walikuwa na woga, kwa sababu dada yake, fenformini, iliua watu kwa asidi ya laktiki kujaa kwenye damu, ikaondolewa sokoni.

Na asili yake ni mmea wa Ulaya, *Galega officinalis*, una maua ya zambarau. Watu wa zamani huko waliutumia kwa mgonjwa anayekojoa sana.

#20 Dawa za Asili Kongwa
Kumbe ni mmea! Mnaona sasa? Mnatuita waganga wa kienyeji, kumbe mnakunywa majani yetu yaliyosagwa. Huo mmea Kongwa upo? Nitaufuata mwenyewe porini.

#21 Kaunta ya Kondoa
Usiufuate. Ni wa Ulaya, na unaua kondoo. Ile kemikali ya kwenye mmea wenyewe ni kali, ilijaribiwa kwa wagonjwa ikaachwa. Metformini ni binamu yake aliyetengenezwa maabara, mpole zaidi.

#22 Dawa za Asili Kongwa
Mlonge je?

#23 Sista wa Zamu
Fungua uzi wako ndugu yangu, tutakuja.

#24 Kipara wa Ipagala
Naomba niulize kitu nimekaa nacho mwaka mzima nikiona aibu. Mimi nameza zile metformini ndefu, za mara moja kwa siku. Mara nyingine nikienda haja naona kidonge kimetoka kizima. Si ina maana haifanyi kazi? Nimekuwa nameza hewa?

#25 Kaunta ya Kondoa
Hilo ni ganda tu mkuu. Dawa imeshatoka ndani yake taratibu tumboni, ganda linabaki. Usihofu na usikiokote.

#26 Kibaigwa Mzigo Mzito
"Usikiokote." Nimeegesha lori pembeni nicheke vizuri.

#27 Siti ya Dirishani
Na kwa nini zinanuka dagaa? Mke wangu akifungua kopo nageuka nikidhani kapika.

#28 Maabara ya Mwisho
Ndivyo zilivyo, harufu ya kemikali yenyewe. Wengine hata hawaisikii.

Nimerudi kwa Kaunta ya Kondoa. Nimesoma nikakuta mambo yamezidi kuwa mengi. Kuna kundi linasema dawa inabana kimeng'enya kingine kwenye mitokondria, siyo kile kituo cha kwanza. Hilo lilitoka 2014. Kuna lingine la 2022, linasema kiasi kidogo cha metformini, kile kile kinachopatikana kwa mgonjwa wa kawaida, kinaiamsha AMPK kupitia lisosomu, kijifuko cha kuchakata taka ndani ya seli, bila kupunguza yuniti hata moja. Yaani LUKU inalia wakati umeme upo. Kama ni hivyo hoja yako ya ndoo ya chumvi inapungua uzito, kwa sababu hahitajiki mtu kumwaga ndoo.

Halafu kuna wanaosema tunapoteza muda na ini na msuli, kazi iko kwenye utumbo. Kwenye kuta za utumbo mwembamba dawa hii inajazana mara 30 mpaka 300 ya iliyopo kwenye damu. Mtu anayemeza metformini akipigwa ile picha ya glukosi yenye mionzi, utumbo unawaka kama taa za Nyerere Square, mpaka hospitali nyingi zinawaambia wagonjwa waache dawa siku mbili kabla ya picha. Utumbo unateketeza sukari nyingi, na unatuma homoni. Mojawapo, GDF15, ndiyo inayohusishwa na kukosa hamu ya kula na kupungua uzito.

#29 Sista wa Zamu
Ahsante. Unaona tunarudi kwenye sahani? Mwana wa Nkuhungu hujajibu mzee anakula nini.

#30 Mwana wa Nkuhungu
Samahani, nilikuwa kazini Mtumba, mtandao ulisumbua. Ahsanteni wote, sikutegemea.

Chakula: asubuhi chai ya rangi na viazi vitamu viwili. Mchana ugali wa uwele kidogo, mlenda. Usiku siku hizi anasema hana njaa, anakula tunda. Nyama alikuwa anakula sana akaacha alipoambiwa ana sukari. Nani alimwambia aache nyama sijui.

Ganzi: nimemuuliza, kasema hana. Mama akiwa jikoni akasema, "Hana? Mbona usiku unanikanyagia miguu ukisema inachoma?" Mzee akatoka nje.

#31 Mama Zabibu
Nilikwambia.

#32 Chuma Ulete
Viazi viwili, mlenda na tunda, halafu vyuma siku nne! Hapo namgeukia kocha mwenzangu. Kabla ya kuitaja AMPK angemuuliza mzee anakula mayai mangapi. Huwezi kujenga ukuta bila tofali hata mtambo uwe unaunguruma.

#33 Sista wa Zamu
Chuma Ulete, sasa nirudi kwako kwenye #7. Ule utafiti wa vyuma, wale wazee hawakuwa na kisukari. Walikuwa wazima, walipewa metformini watafiti wakidhani itawasaidia misuli kujaa zaidi, ikawa kinyume. Huwezi kuuchukua ukamvika mgonjwa ambaye sukari yake bila dawa ni 12.

La pili, soma tena ulichoandika. Misuli ya wenye dawa iliongezeka kidogo kuliko ya wenzao. Kuongezeka kidogo siyo kupungua. Hakuna aliyeliwa.

#34 Chuma Ulete
Nakubali yote mawili. Nguvu zenyewe pia hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, tofauti ilikuwa kwenye ujazo. Lakini na wewe ukubali hili: kama dawa inapunguza faida ya mazoezi kwa mtu asiye na kisukari, mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Mwaka 2002 Wamarekani walipima watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanakaribia kupata kisukari. Chakula na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki vilipunguza hatari kwa asilimia 58, metformini 31. Na kwa waliovuka miaka 60 chakula na mazoezi viliishinda dawa kwa mbali. Kwa hiyo nani amsubiri nani?

#35 Sista wa Zamu
"Waliokuwa wanakaribia." Mzee ameshafika.

#36 Mzee wa Makole
Hapo Sista kaweka goli.

#37 Fundi Cherehani
Nimesoma uzi wote nikiwa na mashine mbele yangu hapa Majengo na kuna kitu hakuna aliyekiona. Mkanda unafungwa kiunoni. Kiunoni hakuna msuli wa gym, kuna kitambi. Mtu akija kwangu nipunguze suruali kiunoni simwambii misuli imeisha, namwambia hongera. Mnabishana kuhusu panya, ini na lisosomu, na ushahidi wote mlionao ni tundu la sita!

Chukua futi ya kitambaa. Asimame, miguu iachane kidogo, pima paja katikati, kati ya nyonga na goti. Pima na mkono. Andika. Halafu leta suruali ya zamani, mwambie achuchumae. Kama inambana mapajani na inavuka kiunoni, basi kocha wake anastahili soda.

#38 Kibaigwa Mzigo Mzito
Fundi kamaliza uzi. Wenye digrii rudisheni ada.

#39 Maabara ya Mwisho
Nimeona aibu kidogo, sikatai.

#40 Kaunta ya Kondoa
Fundi, heko. Ila kwa umri wa 67 inawezekana vyote viwili, kitambi na paja vinapungua pamoja. Miaka nayo inakula misuli bila kumeza chochote. Na kingine, mzee anameza dawa gani zaidi ya hiyo? Wenye sukari wengi wanapewa na dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, statini, yaani atorvastatini au jamaa zake. Hizo ndizo zinazojulikana kwa kuumiza misuli. Metformini inaweza kuwa inasingiziwa kesi ya jirani.

#41 Mwana wa Nkuhungu
Duh. Anayo. Kidonge kimoja cheupe usiku, nilidhani ni cha presha.

#42 Nguchiro
Hesabu ya washukiwa mpaka sasa: metformini, statini, B12, sukari yenyewe, uzee, viazi viwili, kocha, fundi wa mkanda. Hakimu nani?

#43 Kipara wa Ipagala
Na mvinyo? Mzee anatumia mvinyo wetu wa Dodoma?

#44 Mwana wa Nkuhungu
Glasi moja Jumapili. Anasema ni moja.

#45 Sista wa Zamu
Moja ya kweli haina kesi kubwa. Pombe nyingi pamoja na metformini ndiyo hatari, hasa figo zikiwa dhaifu, kwa sababu dawa iliyoingia kwenye damu inatoka kwa mkojo na ikibaki mwilini asidi ya laktiki inaweza kupanda. Figo zake zimepimwa lini? Mkienda kliniki ombeni figo na B12, muonyesheni na hicho kidonge cheupe.

#46 Siti ya Dirishani
Kwani hawezi kumeza metformini siku za kupumzika tu, siku za gym aache? LUKU isilie wakati wa vyuma?

#47 Kaunta ya Kondoa
Wengi wanauliza hivyo. Kwenye damu nusu yake inatoka kila baada ya saa 6 hivi kama figo ni nzima, lakini kwenye seli inakaa zaidi, na msuli unajijenga siku nzima na zaidi baada ya vyuma. Utaikwepa saa ngapi? Utabaki na sukari inayopanda na kushuka kama pazia.

#48 Chuma Ulete
Wapo wanaojaribu kuzipishanisha. Mimi simshauri mtu, ila swali bado liko wazi.

#49 Mwana wa Nkuhungu
Mrejesho wakuu.

Asubuhi nimempima kabla ya kula, siku ya sita bila dawa: 10.4. Nikamwonyesha kioo cha mashine. Akasema betri imekwisha. Nikajipima mimi mbele yake: 5.1. Akanyamaza, akaichukua mashine, akaigeuza nyuma akaangalia kifuniko cha betri, akairudisha mezani taratibu. Jioni nimesikia kopo linafunguliwa chumbani kwao. Sikuuliza. Leo kala mayai mawili na maharage, mama kasimamia.

Fundi, nimepima kwa futi ya mama. Paja la kulia sentimita 51, la kushoto 49. Vipimo vya zamani hatuna, kwa hiyo sijui zimetoka wapi kufika hapo. Suruali ya harusi ya dada, mwaka juzi: kiunoni inaingia ngumi, mapajani imekaa sawasawa, haibani wala haipwayi.

#50 Fundi Cherehani
Sawasawa, baada ya miezi minne ya vyuma?

#51 Chuma Ulete
Ndiyo hoja yangu! Hajapungua, lakini hajaongezeka.

#52 Sista wa Zamu
Kwa viazi viwili kubaki sawasawa ni muujiza.

#53 Kaunta ya Kondoa
Na kushoto kwa nini ni 49?

#54 Mwana wa Nkuhungu
Aliwahi kuanguka na pikipiki kitambo, akafungwa plasta mguu huo. Au mimi sijui kupima.

#55 Nguchiro
Mshukiwa wa tisa: pikipiki.

#56 Chuma Ulete
Mwana wa Nkuhungu, mlete mzee Area D Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bure. Aje ameshakunywa chai na yai. Nitampima mwenyewe halafu tumpime tena baada ya wiki 14, akiwa kwenye dawa yake vilevile. Na huo mkanda aje nao, nataka kuuona.

#57 Mwana wa Nkuhungu
Atakuja, kakubali. Mkanda kauficha.